Mito Mitatu Hadi Lumakanda

Chrispinus aliifunga ile diski ya kompyuta kwa kurasa mbili za gazeti, akazungushia kamba ya katani, akaniuliza kama ningekunywa chai kabla ya kuondoka. Nikamwambia mvua inakuja. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 1997, saa kumi na moja kasorobo jioni, katika kibanda chake cha kutengeneza redio na kompyuta nyuma ya soko la Kakamega. Baada ya hapo sina jambo la kawaida la kusimulia.

"Ilikuwa ya nani?" nilimuuliza.

"Karani fulani wa huko Mayoni. Alikufa mwezi jana. Walimbeba na trekta ya miwa, hata kilio hakukuwa. Sasa kompyuta yake nani ataitumia? Chukua, mwalimu. Na usiniulize mambo ya risiti."

"Inafanya kazi?"

"Kuliko mimi."

Niliiweka kwenye mfuko wa kitambaa, nikauweka mfuko kwenye kiti cha abiria cha pikapu yangu.

Kompyuta niliyotaka kuitibu ilikuwa ya mke wangu, Sellah. Alikuwa muuguzi. Mwaka 1991 aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiweka katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, Lumakanda, akaiunganisha na simu kwa modemu. Haikuzimwa usiku wala mchana. Kila jioni ilipiga simu Nairobi yenyewe, ikatoa barua na kupokea barua. Wauguzi wa zahanati za mbali walimletea maandishi yao kwenye karatasi; yeye aliyachapa, mashine ikayapeleka. Majirani waliiita posta ya Sellah. Ilipogoma aliipiga kofi ubavuni kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa, na mara nyingi ilisikia.

Ndani ya diski yake ya zamani kulikuwa na barua zake mwenyewe, mia mbili ishirini na sita. Hatukujaliwa mtoto. Tangu mazishi yake nilikuwa nikisoma barua moja kila Jumapili, baada ya kanisa. Moja tu. Zilikuwa zimebaki mia mbili na tisa, na nilikuwa nimepiga hesabu: miaka minne. Miaka minne zaidi ya kumsikia akisema jambo jipya.

Siku ya Jumanne diski ile ilianza kugonga. Tik... tik... tik. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilijua maana yake. Kichwa cha kusomea kilikuwa kimelegea, na kila mzunguko ulikuwa unamkwangua Sellah.

Ndiyo sababu nilikwenda kwa Chrispinus.

*

Kutoka Kakamega hadi kwetu kuna maji matatu ninayoyahesabu: mto Isiukhu, mto Lusumu, na kijito kisicho na jina chini ya shamba letu la mahindi.

Sellah alifia hospitalini mjini Kakamega. Tulimrudisha Ijumaa tarehe 20 Juni, nyuma ya lori la shule. Kwetu, mtu akifia mbali, anayempeleka nyumbani huongea naye njiani. Kwenye kila mto humwita kwa jina, humwambia wamefika wapi, humwambia wanavuka. Asipoambiwa, mwili hufika na mwenyewe hubaki ng'ambo. Na ni mume anayepaswa kusema.

Awinja, dada yake mdogo, aliketi upande wa pili wa jeneza. Tulipofika Isiukhu alinigusa goti.

"Mulamwa," alisema. Ndivyo mashemeji huitana kwetu. "Ongea naye."

Mwalimu mkuu alikuwa ndani ya lori. Walimu wenzangu sita walikuwa ndani ya lori. Nilitazama saa yangu. Tulipofika Lusumu alinigusa tena, na nikatazama saa tena. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Kwenye kijito hakunigusa.

Tangu Agosti nilikuwa nimeanza kusema. Kila nilipopita njia ile peke yangu, vioo vimefungwa, nilisema yale niliyopaswa kusema Juni. Sikuwa nikiamini. Ilinipunguzia uzito kifuani, basi.

Kwa hiyo jioni ile, Isiukhu, nilisema: "Sellah, tumefika Isiukhu. Tunavuka. Twende nyumbani."

Lusumu, mvua ikiwa imeanza: "Sellah, tumefika Lusumu. Tunavuka. Twende nyumbani."

Ng'ambo ya daraja, gari likawa zito.

Nilidhani ni tairi. Nikasimama, nikatoka, nikayakagua yote manne. Yalikuwa mazima. Nilipofungua mlango kurudi ndani, harufu ikanipiga usoni. Fomalini. Ile dawa ya kuhifadhia maiti. Hakuna anayeisahau aliyewahi kusimama chumba kile kutambua mtu wake.

Kiti cha abiria kilikuwa kimedidimia. Mfuko ulikuwa juu yake, na mfuko haukufika hata kilo moja.

Niliendesha vioo vikiwa wazi, mvua ikininyeshea bega. Kwenye kijito mdomo wangu ulisema yale maneno kwa mazoea, kabla sijauzuia.

*

Awinja ameolewa shamba la tatu kutoka kwetu. Nilimkuta barazani na sufuria ya ugali na kuku, imefunikwa.

"Umechelewa, mulamwa. Nimekuletea obusuma na ingokho, lakini vimepoa kama moyo wako."

Alinisema hivyo tangu Juni, na tangu Juni alinipikia kila Ijumaa. Nilichukua mfuko, nikafunga mlango wa gari, nikapanda ngazi.

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu."

"Kwani mimi ni mtoto? Nimekuuliza umekuja na nani."

Nilimwonyesha mfuko. Nikamweleza: kifaa cha kompyuta, karani wa Mayoni, trekta ya miwa, kiti kilichodidimia. Alisikiliza akiwa ameziba pua kwa ncha ya leso.

"Na njiani uliongea?"

Niliuhamishia mfuko mkono wa pili.

"Mulamwa. Uliongea?"

"Kwenye mito. Nilimwita Sellah."

Alicheka, lakini haikuwa furaha. "Yaani sasa ndio umepata mdomo! Dada yangu ulimnyamazia mbele ya walimu wako. Leo umembeba mtu wa wenyewe, mtu ambaye hakuliliwa, na umemwongelesha mpaka mlangoni."

"Nilitaja jina la Sellah."

"Na aliyekuwa kwenye kiti alikuwa nani? Mtu aliyepotea ataitikia jina lolote akiambiwa twende nyumbani."

Aliiweka sufuria sakafuni, mbali na mimi, kama mtu anayemwekea mbwa asiyemwamini.

"Kesho asubuhi mrudishe alikotoka. Kila mto mwambie anarudi, mwambie hapa si kwake. Na jina la dada yangu usilitaje hata mara moja. Nilikuambianga, mulamwa. Kusoma kwako barua za marehemu kutakuletea mgeni."

Akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua bila mwavuli.

Nyuma yangu, kutoka chumba cha nyuma, kupitia milango miwili iliyofungwa, nilisikia.

Tik... tik... tik.

Haikuwa inasubiri asubuhi. Nami sikuweza kusubiri.

*

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Nilizima mashine, nikaifungua. Nilipuliza vumbi. Nilivitoa vijiti vinne vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha. Betri ndogo inayoweka saa ilikuwa imeoza zamani. Kila ilipowashwa, mashine ilirudi tarehe mosi Januari 1980 na kukusubiri uisahihishe.

Diski mbili huunganishwa kwenye kebo moja. Kijipande kidogo kuliko punje ya mtama huamua ipi itangulie na ipi ifuate. Zote mbili zikitaka kutangulia, kompyuta haioni hata moja. Nilikipanga cha ile mpya mahali pa pili. Nikawasha.

Haikuona hata moja.

Nikazima. Kijipande kilikuwa mahali pa kwanza. Nikajiambia nimekosea. Nikakisogeza kwa koleo, nikawasha. Haikuona. Nikazima, nikaangalia. Mahali pa kwanza.

Mara ya tatu nilikishikilia kwa kidole wakati nawasha. Kilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni. Kilisukuma. Kilikisukuma kidole changu, polepole, kama mtoto anayesukuma mlango. Nilikaza mpaka skrini ikatoa maandishi yake ya kijani. Diski mbili zimeonekana.

Kisha ikaonyesha tarehe.

Haikuwa Januari 1980. Ilikuwa 20-06-1997. Saa 16:20.

Nilikaa nikiitazama. Nilitafuta maelezo. Betri iliyooza inaweza kuandika namba yoyote, na hiyo ni namba kama nyingine yoyote. Nikaandika amri ya kunakili. Majina ya barua zake yakaanza kupita kwenye skrini, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipopita nilipumua. Hamsini. Mia. Ile ya zamani iligonga, ikakwama, ikaendelea. Mia mbili. Mia mbili ishirini na sita.

Zote.

Nilifunika uso kwa mikono. Sikulia. Nilisema tu, asante.

Kisha, kwa kuwa mtu makini huhakikisha, nilifungua nakala ya barua ya kumi na nane, ile ya Jumapili iliyofuata.

TUKO WAPI

Hakukuwa na kingine. Nikafungua ya kumi na tisa.

TUKO WAPI

Ya mia. Ya mia mbili.

TUKO WAPI

TUKO WAPI

Radi ilipiga upande wa Matete. Stima ikapotea. Taa ikazimika, redio ya sebuleni ikanyamaza, nyumba yote ikawa giza.

Feni ya kompyuta haikusimama.

Skrini ilibaki kijani. Katika mwanga wake niliuona mkono wangu, na pumzi yangu ikitoka mdomoni kama mvuke. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Modemu ikawaka. Ikanyanyua simu yenyewe, na badala ya ule mlio wake wa kukwaruza, kipaza sauti chake kidogo kikatoa... maji.

Maji yakipita juu ya mawe. Juu ya maji, ngurumo ya lori likipanda gia na kwenda zake. Lilikwenda mpaka halikusikika tena. Maji yakabaki.

Kisha, karibu kabisa na kipaza sauti, mtu akavuta pumzi.

Maandishi yakaanza kujiandika.

MBONA HUSEMI

Niliandika kwa vidole vilivyokufa ganzi: Wewe ni nani?

UNANIJUA

Sikujui. Rudi kwenu Mayoni.

Mstari wa kijani ukapepesa. Ukapepesa muda mrefu.

ULITAZAMA SAA

Nilisimama. Kiti kikaanguka. Nilitaka kuita, hata Awinja angesikia, hata mlinzi wa shule ya jirani. Nilifungua mdomo, na kitu baridi kikanishika koo. Sikuona mkono. Nilihisi vidole, vinne upande mmoja na kimoja upande mwingine, vimelowa, vinabana bila haraka. Sauti haikutoka. Hewa yenyewe ilipita kwa shida.

ULINYAMAZA

SASA NYAMAZA KABISA

Tik... tik...

Ile diski ya zamani iligonga mara moja zaidi. Kisha ikatoa mluzi mwembamba, ukashuka, ukashuka, ukaisha.

Vidole vikaachia.

Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, mpaka madirisha yakawa kijivu. Hakuna lililoongezwa. Skrini ilibaki na maneno yale matatu ya mwisho, na sikujaribu kuyafuta.

*

Saa kumi na mbili na robo nilizing'oa diski zote mbili. Ya Sellah ilikuwa imekufa. Ukiitikisa, kitu kililia ndani kama mchanga. Ile nyingine ilikuwa nzima, imelowa. Kama kulikuwa na herufi moja ya mke wangu iliyosalia duniani, ilikuwa humo, chini ya yale maandishi. Nilijua ninachokwenda kukitupa. Nikaifunga kwa gazeti lile lile.

Sauti yangu ilikuwa imerudi, kavu, ya mzee.

Kwenye kijito nilisema: "Tumefika kijito. Tunavuka. Unarudi. Hapa si kwako."

Kwenye Lusumu nilipunguza mwendo, na kwa kuwa hasira ilikuwa imechukua mahali pa hofu, niliongeza: "Hakuna anayekutaka nyumbani kwangu. Baki na watu wako."

Kwenye Isiukhu niliyasema tena, kwa nguvu, nikipiga usukani.

Ng'ambo ya Isiukhu kiti cha abiria kikainuka. Nilikiona kikiinuka. Harufu ikatoka dirishani, yote, mara moja, na gari likawa jepesi. Nilishusha pumzi. Nadhani hata nilitabasamu.

Chrispinus alikuwa anafungua kibanda. Ndani, mtu wa makamo mwenye sweta ya kahawia aliketi juu ya kreti ya soda akila mandazi.

"Mwalimu! Mapema hivi? Imekataa?"

Niliiweka juu ya meza. "Nataka jina la yule karani. Nataka kujua kaburi lake liko wapi. Watu wake waambiwe."

"Karani gani?" aliuliza yule wa mandazi.

"Wa Mayoni. Aliyekufa mwezi jana."

Chrispinus aliinama kutafuta kitu chini ya meza, kitu ambacho hakikuwapo. Yule mtu akaacha kutafuna.

"Karani wa Mayoni ni mimi," alisema. "Were. Na kama nimekufa, hizi mandazi tatu amekula nani?" Kisha akaliona gazeti, na ncha ya diski iliyotokeza. "Chrispinus. Si uliniambia diski yangu iliungua?"

"Mwalimu, nisamehe," Chrispinus alisema akiwa bado ameinama. "Nilisema amekufa ndio usiulize mambo mengi. Mambo ya trekta niliongeza tu."

Walianza kugombana. Nilisikia sauti zao kwa mbali, kama za watu wa ng'ambo ya bonde.

Hakukuwa na maiti wa Mayoni. Hakukuwa na mgeni. Njiani jana nilikuwa nimemwita mtu mmoja, kwa jina lake, na mtu huyo alikuwa amesimama kwenye daraja la Lusumu tangu saa kumi na dakika ishirini ya tarehe 20 Juni, akingoja kuambiwa tuko wapi. Alikuja. Nilimuuliza yeye ni nani. Na asubuhi hiyo, mito mitatu, nilikuwa nimemwambia hapa si kwake.

Nilichukua diski kutoka mezani kabla mkono wa Were haujaifikia. Sijawahi kuchukua kitu cha mtu maishani mwangu. Alinifuata mpaka barabarani, akipiga kelele za mwizi, vipande vya mandazi vikimtoka mdomoni. Niliendesha.

Kwenye daraja la Isiukhu nilisimama, injini ikinguruma. Mwanamke aliyekuwa akifua chini aliinua kichwa kunitazama. Wakati huu sikujali anayetazama. Nilifungua mdomo kumwita.

Sauti haikutoka.

Nilijaribu tena. Koo lilifanya kazi yake yote, ulimi ulikaa mahali pake, na hakukuwa na kitu. Hata mnong'ono.

Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nilichana kipande cha lile gazeti, pembezoni pasipo na maandishi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikikazia kila moja: Sellah. Ni mimi, Shikanga. Tumefika Isiukhu. Tunavuka. Twende nyumbani. Nikakiweka juu ya kiti cha abiria, nikakikandamiza kwa ile diski kisipeperuke. Sijui kama waliokufa husoma. Lakini Sellah alikuwa mtu wa barua.

Nilingoja.

Harufu ilikuja kwanza. Halafu kiti kikaanza kudidimia, polepole, kikapita pale kilipofika jana, kikaendelea kushuka, mpaka chuma cha chini kikalia. Hewa ya upande wangu wa kushoto ikawa baridi ya maji. Sikugeuza uso. Sikujua kama anakuja nyumbani, au anakuja kunichukua mimi.

Nikaweka gia, nikavuka.